Nyaga Kabla Hajazaliwa

Ndugu yangu Kivuti alisoma hadi darasa la saba, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Nalisema hili mapema kwa sababu ndicho chanzo cha yote. Kama angekijua vizuri, angewatafsiria watu filamu kama zilivyo, na leo nisingekuwa na la kuandika.

Mimi ni dada yake, Wamuyu. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili katika shule za huku Runyenjes, na wanaonijua husema nina mdomo. Ninao kweli, sikatai. Nyumbani tulizaliwa watatu. Wa kwanza ni Nyaga, aliyepewa jina la baba yake baba. Nikafuata mimi na jina la mama yake baba. Kisha akaja Kivuti, na kwa kuwa kwetu mtoto wa kiume wa pili huchukua jina la baba yake mama, akaitwa Kivuti. Mama yetu jina lake ni Mukami, lakini tangu mwaka wa 1966, alipomzaa kaka yetu, amekuwa Mama Nyaga. Sokoni kuna watu wazima wenye wajukuu ambao hawajui kwamba ana jina jingine.

Kaka yetu Nyaga alikwenda Timau akiwa kijana, akajifunza kuendesha mashine ya kuvuna ngano, na huko ndiko alikojenga. Ni mtu mpole ambaye hajawahi kupigana hata na mbwa. Lakini Kivuti alipokuwa mdogo alimwona kama jabali, na kaka alipokuja likizo na ovaroli yake yenye mafuta, Kivuti alimfuata hadi chooni. Kumbukeni hilo.

Mwaka wa 1993 Kivuti alikuwa fundi wa redio hapo sokoni. Kanisa letu lilinunua viti vipya, naye akayachukua mabenchi ya zamani, akajenga kibanda cha mabati, akaweka runinga na deki ya kuchezea kaseti, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: VIDIO. Mimi nilikasirika. Nilimwambia anaharibu watoto wa watu. Alinijibu kwamba watoto hawaruhusiwi, na kwamba wateja wake ni wachuma chai ambao wiki nzima wamebeba vikapu mgongoni, na Jumapili baada ya kanisa wanataka kukaa mahali pakavu wamwone mtu mwingine akihangaika. Niliondoka bila kuaga.

Kaseti alizikodi kwa Riungu, mtu wa duka la vidio mjini Embu ambaye pia alikuwa akipiga picha za harusi. Filamu zilikuwa za Kiingereza au za lugha nyingine, na wachuma chai hawakuelewa neno. Kivuti akanunua maiki na spika, akawa anasimama kando ya runinga akieleza. Kwa kuwa yeye pia hakuelewa, alieleza alichoona, na asichokiona alikitunga. Mtu mkubwa wa filamu, yule anayebaki amesimama wengine wakilala chini, alimwita Nyaga. Alitaka jina la shujaa, na shujaa aliyemjua alikuwa mmoja tu.

Watu wakampenda Nyaga. Wakawa hawaulizi leo kuna filamu gani, wanauliza, "Leo Nyaga ako?" Akiwa hayupo walipita moja kwa moja kwenda kunywa chai hotelini. Kivuti alijaribu filamu za mapenzi, za mahakama, na moja nzuri sana, aliniambia, juu ya mzee na punda wake. Kwa hiyo ya punda walikuja watu wanne, na wawili walikuwa wakitafuta mtu aliyewakopa jembe. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hawakuwahi kuendesha kibanda cha vidio Runyenjes.

Kisha, mwaka wa 1997, Nyaga akafa. Ilikuwa filamu ya mtu mwenye ndevu aliyekuwa akiwafuata wezi wa ng'ombe jangwani, na Kivuti, ambaye hakuitazama kabla, hakujua kwamba mwishoni anapigwa risasi. Alikufa mbele ya watu sitini. Runinga ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda, na hakuna aliyeinuka. Mzee Naftaly, ambaye ni mzee wa kanisa na hapo alikuwa amejificha nyuma asionekane na pasta, alisimama wima.

"Huyo mtu iko na mtoto?" akauliza.

"Ako," Kivuti akasema haraka. "Bibi yake alikuwa na mimba. Hamkuona vile alikuwa amevaa gauni pana?"

Wakatulia, wakaenda zao. Jumapili iliyofuata kibanda kilijaa hadi wengine wakachungulia kwenye matundu ya misumari. Kivuti alikuwa ameleta filamu ya kijana wa Kichina anayepigana kwa mateke, na akatangaza kwa maiki: "Huyu sasa ni Nyaga, mtoto wa Nyaga!"

Kelele ziliniamsha mimi nyumbani nikiwa nimelala mchana. Hawakukasirika kwamba ni Mchina. Hilo Kivuti aliwaeleza kwamba mama yake alikuwa wa huko, wakakubali. Kilichowaudhi ni jina. Tangu lini mtoto akaitwa jina la baba yake? Je, huyo Nyaga hakuwa na baba wa kupewa heshima? Marcella, mchuma chai mmoja ambaye ulimi wake unaukaribia wangu, alisema anataka kurudishiwa shilingi tano zake kwa sababu hadithi hii ni ya watu wasio na mila.

"Nimesema mtoto?" Kivuti akasema. "Ni mjukuu. Ulimi uliteleza."

"Na baba yake ako wapi?" Mzee Naftaly akauliza.

"Baba yake alikuwa karani. Alienda kazi, akarudi jioni. Hakupigana na mtu, kwa hivyo hiyo hakuna filamu."

Hilo lilikubalika kabisa. Tangu siku hiyo kila filamu ikawa ya Nyaga, na kila Nyaga mpya akawa mjukuu wa yule aliyetangulia, na katikati yao kukawa na kizazi cha makarani, walimu, na watu wa kuchunga mbuzi, ambao hawakuwa na filamu. Kufikia mwaka wa 2005 tulikuwa tumefika Nyaga wa tisa. Alikuwa amekuwa Mchina, Mmarekani, Mhindi, na mara moja mwanamke, ambaye Kivuti alimweleza kama dada aliyeshika mahali pa kaka aliyelazwa hospitali.

Siku moja nilikwenda na Kivuti mjini Embu kurudisha kaseti, nikaona rafu za Riungu. Kila kitu kilikuwa na namba: ya pili, ya tatu, ya nne. Hadithi ile ile, sura zile zile, nyingine ni za zamani zilizotengenezwa tena na watu wapya. Nikamwuliza kama huko ng'ambo wamekosa akili.

"Mwalimu, si akili wamekosa," Riungu akasema. "Ni uoga. Filamu moja tu ni pesa ya kujenga hospitali nzima. Uweke pesa kama hiyo kwa hadithi hakuna mtu anaijua, halafu watu wakatae? Umeisha. Lakini wakishapenda mtu mmoja, unamrudisha tu. Hata ukimbadilisha sura. Jina ndiyo inauza."

"Na hadithi mpya?"

"Ziko. Ziko kwa ile katoni hapo chini."

Nikatazama. Katoni ilikuwa sakafuni, imejaa vumbi. "Hakuna mtu huinama," Riungu akasema, naye hakuonekana kusikitika.

Niliporudi nilimwuliza Marcella pia, maana nilitaka kusikia upande wa anayelipa. Alinitazama kama mwanafunzi mzito. "Mimi niko na Jumapili moja kwa wiki, Mwalimu. Nikiingia hapo nataka kujua kama nitacheka ama nitalia. Nikikosea, nitangoja siku saba." Basi nikaelewa. Mwenye studio huko mbali anaogopa kiti kitupu, na Marcella anaogopa Jumapili tupu, na hofu hizo mbili zikikutana, anazaliwa Nyaga wa kumi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mimi niliridhika na maelezo hayo. Kivuti hakuridhika. Katika miaka yote hiyo ya kutunga maneno ya watu wengine, alikuwa amepata hamu ya kutengeneza filamu yake, na alijua itakuwa juu ya nani. Kilichomsukuma ni macho ya mama. Daktari wa Embu alimwambia mama ana presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwenda tayari. La kulia lingeweza kudumu mwaka mmoja, labda miwili.

Hadithi ya mama ni hii. Alizaliwa huko chini, upande wa Siakago, kwa watu wa mbuzi na ndengu, yaani choroko, mahali ambapo mvua ni mgeni. Aliolewa huku juu mwaka wa 1965. Asubuhi yake ya kwanza, mwezi wa Julai, alifungua mlango akaona kilima chote kimefunikwa na kitu cheupe. Hakuwahi kuuona ukungu ukiwa umeketi juu ya nyumba za watu. Akadhani ni moshi, nyumba ya jirani inaungua. Akapiga ukemi. Wanaume wakatoka mbio na madebe ya maji, wengine bila shati, wakakuta jirani anakunywa uji.

Walimcheka miaka. Walimwita yule wa kuzima ukungu. Baada ya miezi mitatu akachoka, akashuka kwa miguu kurudi kwao. Baba yake, mzee Kivuti, alimkaribisha, akamlisha siku tatu bila kumwuliza neno, na siku ya nne akampandisha tena mlimani akiwa amemfungia kibuyu cha mbegu za ndengu. Mama akazipanda nyuma ya nyumba. Zikaoza kwa mvua. Mwaka uliofuata akapanda tena, zikaoza tena, watu wakacheka tena. Alipanda na kuozewa miaka kumi na minane. Kisha ukaja mwaka wa 1984, mbingu zikafunga, mahindi yakakauka, majani chai yakawa ya kuvunjika mkononi, na nyuma ya nyumba yetu ndengu zikazaa. Alizigawa kwa bakuli, nyumba kwa nyumba, kwa wale wale waliomcheka.

"Nani atatoa pesa yake kuangalia mimi nikipanda ndengu?" mama alimwambia Kivuti aliposikia habari ya filamu. Alisema bila uchungu, kama mtu anayesema leo ni Jumanne. "Kwa hiyo filamu hakuna hata mtu anapigwa kofi."

"Watajaa, Mama," Kivuti akasema. "Utawaona na macho yako wamejaa."

Hiyo ndiyo ahadi aliyoiweka, na alikuwa na jicho moja na mwaka mmoja wa kuitimiza.

Walipiga picha Julai ya 2006. Riungu aliazimisha kamera yake ya harusi. Binti mmoja wa kwaya akawa mama, shemasi akawa babu Kivuti, na ukungu ulijileta wenyewe bila kuitwa. Sauti haikushika vizuri, upepo ulivuma kila mahali, lakini Kivuti alisema haidhuru, ataieleza kwa maiki kama zile nyingine. Mimi, niliyekuwa nikimbeza, nilijikuta nimesimama kwenye tope nikimwelekeza binti yule jinsi mama anavyofunga kitambaa.

Jumapili ya kwanza ya Septemba aliandika ubaoni mwenyewe: UKUNGU. FILAMU MPYA. HAIJAWAHI KUONEKANA POPOTE. Alidhani maneno hayo yatavuta watu. Nilikuwa nimesimama pale Marcella alipoyasoma kwa sauti.

"Kama haijawahi kuonekana popote," akauliza, "iko na shida gani?"

"Haina shida. Ni yetu. Nimetengeneza mimi."

"Nyaga ako ndani?"

"Hapana."

"Basi itaniona wiki ijayo," akasema, na akaenda hotelini, na wote waliokuwa nyuma yake wakamfuata.

Tuliingia watu sita, ukinihesabu mimi na mama. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisa la rangi ya maziwa. Alikaa benchi la mbele, uso karibu na kioo cha runinga, kwa kuwa jicho lililobaki lilihitaji ukaribu. Nyuma yake mabenchi yalikuwa matupu hadi ukutani. Mvua ikaanza juu ya mabati.

"Wamejaa?" akauliza bila kugeuka.

Kivuti alinitazama. Nilitikisa kichwa, lakini yeye hakunisikiliza hata tulipokuwa wadogo.

"Wamejaa, Mama."

Akaeleza filamu yote kwa sauti ya mtu anayehutubia umati. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sijawahi kumpenda ndugu yangu kama siku ile. Ilipokwisha tulimshika mama mikono, mmoja huku, mmoja huku, tukaanza kupanda nyumbani. Penye daraja la magogo mama akasimama.

"Ukumbi uliojaa hukohoa, Kivuti," akasema. "Nimeuza ndizi kwa ule mlango miaka kumi. Wakiwa wengi, mmoja anakohoa hapa, mwingine pale. Leo nimesikia mvua tu."

Kivuti akamshika mkono vizuri kuvuka magogo.

"Filamu ni nzuri. Lakini usinidanganye kwa sababu sioni."

Kibanda hakikufunguliwa Jumapili iliyofuata. Watu walikuja wakakuta kufuli, wakasema Kivuti ameugua. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akifungua redio isiyo na tatizo lolote.

"Iite ya Nyaga," nikamwambia.

"Sitaki. Hii ni hadithi yake. Miaka yote amekuwa mama ya mtu fulani. Nilitaka mara moja tu aingie kwa mlango wa mbele, na jina lake."

Alikuwa amesema jambo la maana, na hilo halimtokei kila siku. Kisha nikamwuliza, "Wewe unaitwa nani?"

"Wamuyu, usianze."

"Unaitwa Kivuti. Si jina lako, ni la babu. Ulipozaliwa, kuna mtu alisema huyu si mtoto mpya? Walikupakata kwa sababu ya jina walilolijua. Tabia zako walizijua baadaye, na kwa bahati mbaya hawakuweza kukurudisha."

Akacheka, ingawa hakutaka.

"Na jambo jingine," nikasema. "Miaka kumi umewaambia kwamba wale wa katikati hawana filamu. Makarani. Wachunga mbuzi. Mama ni wa katikati. Nawe sasa unayo filamu yao."

Ubao niliuandika mimi, kwa mwandiko wa darasani, mkubwa na wa kusomeka hadi kituo cha petroli: NYAGA KABLA HAJAZALIWA. HADITHI YA MAMA YAKE. Nikaongeza chini yake: ILE ISIYO NA FILAMU.

Jumapili iliyofuata sitawahi kuisahau. Walikuja mapema. Mzee Naftaly hakujificha. Alikuja na mkewe, akasema maswali aliyouliza mwaka wa 1997 kuhusu kizazi cha katikati sasa yatajibiwa. Waliokosa mabenchi walikalia vikapu vyao vya chai vilivyopinduliwa. Mama aliingia akiwa ameshika mkono wangu, na kabla hatujafika mbele alisimama katikati ya njia, kichwa kimeinama upande. Mtu mmoja akakohoa karibu na mlango. Mwingine akajibu kwenye kona. Halafu mwingine. Mama alinibonyeza mkono, tukaenda kukaa.

Filamu ikaanza. Binti wa kwaya akatokea akishuka njiani na sanduku kichwani.

"Nyaga ako wapi?" Marcella akauliza.

"Hajazaliwa. Ngoja," Kivuti akasema kwa maiki.

Likaja tukio lile la ukungu. Kivuti akaanza kueleza jinsi bibi harusi alivyofungua mlango asubuhi ya mvua na manyunyu, moyo ukiwa na hofu.

"Si hivyo," mama akasema.

Hakuipaza sauti, lakini alikuwa mbele na watu walimsikia. Kivuti akashusha maiki.

"Hakukuwa na mvua. Ingekuwa mvua ningejua hakuna moto. Na sikuwa na hofu, nilikuwa na njaa. Nilifungua mlango nikitafuta kuni."

Mtu akacheka. Kisha wengine. "Mpe hiyo maiki, Kivuti," Naftaly akasema kutoka nyuma, na wengi wakaunga mkono. Kivuti akainama, akaiweka mkononi mwa mama, akamwonyesha mahali pa kubonyeza. Mama akaigusa kidogo kama mtu anayepima embe kama limeiva, akaipeleka mdomoni.

Sikujua kwamba mama yangu anaweza. Miaka yote hiyo mlangoni na beseni la ndizi alikuwa amejifunza kazi ya mwanawe bila kulipia. Alijua wapi pa kunyamaza. Aliwataja waliokuja na madebe, mmoja mmoja, na yupi hakuwa na shati, na ukumbi ukalipuka kwa kuwa mmoja wao alikuwa babu yake Marcella. Alisema kuhusu kurudi kwao Siakago jambo ambalo hajawahi kutuambia sisi: kwamba usiku wa tatu alimwomba baba yake asimrudishe, na baba yake akalia, na asubuhi akampa mbegu kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Kivuti alikuwa amesimama kando ya runinga mikono mitupu. Machozi yalimtoka mbele ya wateja wake wote, naye hakuyafuta.

Ndengu zilipozaa, mama aliacha kusema. Binti wa kwaya alipita kwenye runinga na bakuli lake, nyumba kwa nyumba, na hakukuwa na sauti isipokuwa ule upepo wa kamera.

"Hizo ndengu nilikula," Marcella akasema. Hakuwa akisema na mtu yeyote. "Nilikuwa darasa la pili. Bakuli ilikuwa ya kijani."

"Ilikuwa ya kijani," mama akasema kwa maiki.

Ilipokwisha Naftaly akainuka, kama kawaida yake, kuuliza swali. "Na Nyaga? Part two ni lini?"

"Nyaga alizaliwa," mama akasema. "Ako Timau, anavuna ngano. Hajawahi kupiga mtu."

Wakacheka hadi mabati yakalia, na hawakutaka kurudishiwa pesa.

Filamu hiyo ilionyeshwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kwa miaka. Ni ile ile moja, haikuongezwa wala kupunguzwa, lakini mama hakuieleza mara mbili kwa namna moja. Mwezi huu jirani alikuwa akinywa uji, mwezi ujao alikuwa akinyoa ndevu. Mara alimsamehe mama mkwe aliyemcheka pamoja na wengine, mara akamlaumu upya. Mimi nimeiona mara kumi na moja, mimi niliyesema vidio inaharibu watu. Nilimwuliza Marcella mbona harudi kwa Nyaga wa kumi na mbili, akasema, "Nataka kuona kama leo atarudi Siakago ama atavumilia." Anajua atarudi. Kila mwezi anajua.

Jicho la mama likazima mwaka wa 2009, kimya kimya, likiwa limezidi muda aliosema daktari. Haikumzuia. Aliijua filamu kwa upepo wake, na upepo ulipobadilika alijua sasa ni ukungu, sasa ni njia ya kushuka. Halafu zikaja simu, na watu wakaanza kutazama filamu wakiwa wamelala kitandani kwao. Riungu alifunga duka. Kivuti sasa anatengeneza simu hizo hizo, na kibanda anakifungua kwa ajili ya mama tu.

Mwezi wa Aprili uliopita ilikuwa siku mbaya. Mvua ilianza wakati wa ibada na haikukatika. Nilimleta mama kwa boda boda akiwa amefunikwa na turubai, tukamketisha mahali pake, Kivuti akampa maiki. Nilitazama nyuma nikahesabu. Marcella alikuwepo, na Mzee Naftaly na blanketi lake, na wengine wachache waliojikunyata karibu na ukuta. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba hata kikohozi kisingesikika.

"Wamejaa?" mama akauliza.

Nikamtazama Kivuti, naye akanitazama.

"Hapana, Mama," akasema. "Ni watu tisa."

Mama alifikiri kidogo, maiki mapajani.

"Waambie wasogee mbele," akasema. "Mvua iko juu, na mimi sitaki kupiga kelele."